Wazimamoto wetu wastahili zaidi ya vyeti

Majuma matatu yaliyopita nilipigiwa simu na katibu wa klabu moja ya huduma katika mji ninaoishi. Ni miongoni mwa zile klabu ambazo wanachama wake, wakiwemo wafanyabiashara, mawakili, madaktari na walimu, hukutana kila juma, wakala pamoja na kuchangishana fedha za kuchimba kisima hapa au kugharamia upasuaji wa macho ya wazee pale. "Daktari," akaniambia, "tumeamua kuwatuza wazimamoto watatu kwa ushujaa wao. Vyeti tumekwisha kuviandika kwa Kiingereza, lakini wenyewe wameomba viwe kwa Kiswahili ili jamaa zao nyumbani waweze kuvisoma. Tafadhali tusaidie."

Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Si mara nyingi sisi wanaisimu tunapoombwa kuandika jambo ambalo mtu ataliangika ukutani kwake. Nilidhani kazi yenyewe ingenichukua nusu saa. Ikanichukua siku tatu, na kilichonikwamisha ni neno moja dogo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Neno hilo ni bila.

Cheti kilieleza kwamba watatu hao, bila kujali maisha yao, bila vifaa vya kupumulia na bila maji ya kutosha, waliingia katika jumba la makao lililokuwa likiteketea usiku wa manane, wakamwokoa mama mmoja na wanawe wawili. Bila tatu katika sentensi moja. Kisarufi, sentensi haina kasoro yoyote. Hata hivyo, kila nilipoisoma nilihisi kwamba bila hizo hazikuzaliwa tumbo moja. Nitazirudia hapo baadaye. Kwanza nieleze sherehe yenyewe.

Ilifanyika Ijumaa jioni katika ukumbi wa hoteli. Wazimamoto watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja ambaye nakisia hajatimiza miaka thelathini, waliketi mbele wakiwa wamevalia sare zilizopigwa pasi zikanyooka. Mwenyekiti wa klabu alitoa hotuba fupi ya busara. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete, na sioni aibu kuisifu klabu hiyo kwa kuvikumbuka vyanda ambavyo wengi wetu huvisahau. Wapo wanaozikejeli klabu hizi kuwa ni mabaraza ya wenye nazo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tangu Paul Harris alipoanzisha Rotary mjini Chicago mwaka 1905, na Melvin Jones akaanzisha Lions katika mji huo huo mwaka 1917, utamaduni huu wa majirani kukutana na kuulizana, "Tufanye nini kwa ajili ya mji wetu?" umeenea pande zote za dunia. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930. Mengi mema yametendeka kutokana na swali hilo.

Kisha msomaji wa vyeti akasimama. Aliposoma "bila kujali maisha yao", ukumbi ulipiga makofi. Aliposoma "bila vifaa vya kupumulia", makofi yakazidi, na baadhi ya watu wakasimama wima. Aliposoma "bila maji ya kutosha", vigelegele vikahanikiza. Mmoja wa wazimamoto wale alikohoa mara mbili alipokuwa akipokea cheti chake. Nami, niliyeyaandika maneno yale, niliketi nikiwa nimeikunja mikono, kwa kuwa nilikuwa nimetambua tunachokipigia makofi.

Msomaji atanivumilia nikiligusa kidogo lile jina lenyewe la kazi yao, kwani lina historia isiyo ya kawaida. Mzimamoto ni neno ambatani, limeundwa kwa kitenzi na nomino, sawa na mpigapicha au mchimbakaburi. Hakuna neno lililo wazi zaidi ya hilo. Lakini enzi za ukoloni, katika Nairobi na katika miji mingine ya Kenya na Uganda, wazimamoto lilikuwa jina la kutisha. Iliaminika kwamba watu hao huwinda wapita njia usiku, wakawateka na kuwanyonya damu. Huko Pwani na Tanganyika uvumi kama huo ulikwenda kwa jina la mumiani, neno lililotujia kutoka Uajemi, ambalo kamusi za zamani zililieleza kuwa ni dawa inayodhaniwa kutengenezwa kwa damu ya binadamu. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo kwa kina katika kitabu alichochapisha mwaka 2000. Marehemu nyanya yangu hakukihitaji kitabu. Alipotaka tulale mapema alitwambia tu kwamba gari jekundu litapita.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona gari la serikali ya kikoloni, lenye watu waliovaa sare, likipita kwa kasi na kelele usiku, likielekea kulinda maghala na majumba ya wengine. Halikupata kusimama mtaani kwao. Walijiuliza linafanya kazi gani, wakajipa jibu. Tangu hapo, na hata leo, mzimamoto amekuwa mtumishi anayeshukiwa kwanza na kushukuriwa baadaye, akishukuriwa.

Hapa sina budi kuungama jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mnamo Agosti 2009 nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu, nikiishi hapa hapa mjini katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana za maseremala. Chini ya kitanda changu palikuwa na sanduku la kadibodi lenye kanda 41 za sauti. Zilikuwa ni mazungumzo niliyoyarekodi kwa miaka mitatu na wazee wa Vanga na Wasini, wasemaji wa lahaja ya Kivumba. Baadhi ya wazee hao walikuwa wamekwisha kufariki dunia. Usiku mmoja wa Jumamosi moto ulizuka katika karakana mojawapo. Maranda, mbao kavu na vanishi vikaupokea. Nilitoka mbio nikiwa na shati moja na kitambulisho.

Gari la zimamoto lilifika baada ya muda uliotuonekea kuwa mwaka. Lilimwaga maji kwa dakika chache tu, mipira ikalegea, na dereva akaligeuza gari ili aondoke. Umati ukaangua mayowe: "Wamekuja bila maji! Wamekuja bila maji!" Nami nilipiga mayowe pamoja nao. Kisha nikaokota jiwe. Nililirusha kwa nguvu zangu zote, likagonga kioo cha mbele cha gari lile, na kioo kikapasuka. Wengine wakafuata. Gari likaondoka kwa shida huku mzimamoto mmoja akiwa ameufunika uso wake kwa mikono. Liliporudi na maji, safu yetu ya vyumba ilikuwa imekuwa majivu. Kanda zangu ziligeuka donge jeusi.

Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba nilikuwa na haki. Ulikuwa mwaka wa hasira nchini. Mnamo Januari 2009 moto uliteketeza duka la Nakumatt Downtown katikati mwa Nairobi na watu zaidi ya 20 wakaangamia. Siku tatu baadaye, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuyateka, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Kila Mkenya alikuwa akiuliza wako wapi wanaopaswa kutuokoa. Nilijiambia kwamba jiwe langu lilikuwa swali hilo hilo.

Baada ya sherehe ya juzi nilijikuta meza moja na mzimamoto mwenye mvi, aliyekuja kuwashangilia vijana wake. Aliniambia kwamba yuko katika kituo hicho tangu miaka ya 1990. Nikamuuliza, nikijifanya mtafiti, ni kwa nini magari yao hufika bila maji.

"Daktari," akasema kwa upole, "gari halitoki kituoni bila maji. Linatoka limejaa. Linakwisha."

Akanifafanulia kama ambavyo mimi huwafafanulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Maji hayo pekee yana uzito wa tani 5, ndiyo sababu gari hujikokota mlimani na haliwezi kukata kona kama matatu. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi litakauka kwa dakika 10. Ukifungua mipira miwili, ni dakika 5. Tangi la gari, alisema, ni la kuanzia kazi tu. Maji ya kumalizia yanatakiwa yatoke katika mabomba ya dharura yaliyofukiwa kando ya barabara. Yakiwa yamezibwa kwa lami, au yamejengewa vibanda juu yake, au yamekauka, hapana la kufanya ila kuondoka kwenda kuteka maji kwingine. "Wananchi huona gari linakimbia," akasema. "Na kweli linakimbia. Linakimbilia maji."

"Na mawe?" nikamuuliza. Sauti yangu ilinikwama kidogo.

"Mawe tumeyazoea. Mtu anayetazama nyumba yake ikiungua huwezi kumdai utulivu. Kinachoniuma ni kwamba kioo kikivunjwa, gari hukaa gereji miezi. Moto wa pili ukizuka unakuta kituo hakina gari."

Sikumuuliza kama alikuwamo ndani ya gari lile la mwaka 2009. Nilikunywa maji yangu, nikamshukuru, nikaenda nyumbani. Usiku ule sikulala.

Msomaji ataona kwamba neno bila tulilolipigia mayowe mwaka 2009 ndilo tulilolipigia makofi juzi. Gari bila maji lilitufanya turushe mawe. Gari lenye maji haba na kikosi kisicho na vifaa vya kupumulia vilitufanya tutoe vyeti. Kilichowatofautisha wazimamoto wa usiku ule na hawa wa juzi ni bahati: hawa walifaulu. Lau yule mama na wanawe wangefia ndani, huenda hawa tunaowaita mashujaa wangeviziwa njiani kwa mawe, ilhali upungufu wao ungekuwa ule ule.

Basi nizirudie bila tatu za cheti. Bila ya kwanza, ile ya kutojali maisha yao, ni sifa halisi. Ni yao wenyewe. Hakuna bajeti inayoweza kuinunua wala afisa anayeweza kuiamrisha. Bila ya pili na ya tatu si sifa za wazimamoto. Ni taarifa juu yetu sisi tuliowatuma. Mtu anapoingia katika moshi wa chumba chenye godoro la sponji linaloungua, huvuta hewa ya sumu isiyohitaji muda mrefu kumwangusha. Katika mioto mingi ni moshi unaoua kabla ya ndimi za moto kufika. Kitambaa kilicholoweshwa maji, ambacho nimeambiwa ndicho walichojifunga wale watatu, hakiizuii sumu hiyo. Waliingia na kutoka kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Sisi tukaigeuza kudra hiyo kuwa sehemu ya ushujaa wao, tukaipigia vigelegele.

Kiswahili kina methali inayotuonya juu ya mtego huu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi hudhani methali hii inausifu woga. Naiona mimi kuwa ni hesabu ya gharama. Ushujaa una mwenye kuulipia, naye aghalabu ni mke, mume, mtoto au mzazi aliye nyumbani. Anayeuomba ushujaa ni sharti aulizwe amefanya nini kuipunguza bei yake. Siku ya Wazimamoto Duniani, inayoadhimishwa tarehe 4 Mei, ilizaliwa kutokana na msiba wa namna hiyo. Mnamo Desemba 1998, karibu na Linton nchini Australia, wazimamoto watano wa kujitolea waliangamia walipozingirwa na moto wa msituni baada ya upepo kubadilika ghafla. Gari lao lilikuwa njiani kwenda kujaza maji. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka lile gari nililolirushia jiwe, ambalo nalo lilikuwa likielekea majini.

Wala tusidhani kwamba suala hili ni la miji mikubwa tu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za kuzima moto na usimamizi wa majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Ulikuwa uamuzi wa maana, kwani moto haungoji idhini ya Nairobi. Lakini jukumu lililoandikwa katika katiba halimwagi maji. Tumewazika wasichana wa Bombolulu mwaka 1998. Tukawazika wavulana 67 wa Kyanguli mwaka 2001. Tukawazika wasichana wa Moi Nairobi mwaka 2017. Tukawazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Katika mitaa ya mabanda na masokoni hali ni hiyo hiyo: Sinai mwaka 2011, Gikomba mwaka 2018. Kila mara tumeunda kamati, tumelia, na tumesahau. Shule nyingi za bweni ziko mbali mno na kituo chochote cha zimamoto hivi kwamba hata gari bora kuliko yote haliwezi kuwahi. Moto wa bweni huhesabiwa kwa dakika.

Nipendekeze nini basi? Kwanza, klabu za huduma ziendelee kuwatuza wazimamoto. Heshima si kitu kidogo kwa watu ambao jina lao liliwahi kutumiwa kuwatishia watoto. Ila nazisihi kwamba cheti kisitolewe peke yake. Fedha za chajio cha sherehe kama ile, zikijumlishwa na michango ya wanachama, zinaweza kuanza kununua vifaa vya kupumulia vya kituo kimoja. Nimekwisha kumweleza katibu jambo hilo, naye ameahidi kulifikisha kikaoni.

Pili, kila kaunti iyahesabu mabomba yake ya dharura. Ni kazi isiyohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa chuo wenye madaftari wanaweza kuyakagua kwa juma moja, waandike ni lipi linatoa maji na lipi limejengewa kibanda. Orodha hiyo itangazwe, na wawakilishi wa wadi waulizwe juu yake kabla ya kuulizwa juu ya ziara za nje.

Tatu, mzimamoto anayeungua au kuharibika mapafu kazini atibiwe na mwajiri wake bila kuzungusha bakuli la harambee, na akifa, watoto wake wasifukuzwe shuleni kwa ajili ya karo. Hiyo ndiyo bila ninayotamani kuiandika katika cheti.

Nne, ni sisi raia. Tusijenge juu ya njia za magari ya dharura. Tukisikia king'ora, tukae kando. Shule zisiweke vyuma madirishani wala kufuli milangoni mwa mabweni usiku. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wazee wakihimiza ushirikiano. Hata kuuzima kwahitaji ushirikiano huo huo.

Linabaki jambo moja. Katika lugha yetu mtu aliye hai na mwenye afya tunamwita mzima, na neno hilo linasikika waziwazi ndani ya mzimamoto, ingawa asili zake ni mbalimbali. Nadhani jamaa zao nyumbani hulisikia hivyo kila zamu ya usiku inapoanza. Mwaka ule wa 2009 mmoja wao alirudi kwake akiwa na vigae vya kioo usoni, na mkono uliovitia ni huu unaoandika makala haya.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia hayo mzee yule mezani, uso kwa uso, ukumbini mlimokuwa mkisifiwa ujasiri. Nayasema hapa. Mzee, ikiwa ni wewe uliyekuwa ndani ya gari lile, au ikiwa wamjua aliyekuwamo, jiwe la kwanza lilikuwa langu. Sikujua kwamba mlikuwa mnakimbilia maji. Nakuomba radhi, na Jumatatu nitafika kituoni kukueleza mwenyewe.